Nadharia ya kujali na mama aliyelala ameelekea ukutani

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni muuguzi wa diploma katika wodi ya akina mama hapa kisiwani Lamu, na sasa nasomea digrii. Tumefundishwa nadharia ya kujali ya Kristen Swanson na tunatakiwa tuonyeshe tunavyoitumia kazini. Usiku tuko wauguzi wawili kwa wodi nzima. Wiki jana nilimpokea mama kutoka kisiwa cha Pate, mimba ya miezi minne imetoka. Alisafishwa, nikamwekea dripu, dawa zote alipata kwa wakati. Lakini tangu alipoingia hadi alipopewa ruhusa alilala ameelekea ukutani, hakunena. Mavyaa yake ndiye aliyekuwa akijibu kila ninachouliza. Nahisi kuna kitu sikumpa, ila sikijui ni kipi. Je, nadharia hii yatufaa sisi, au ni ya hospitali za Marekani zenye wauguzi wa kutosha?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo mama wa Pate, maana nadharia uliyoitaja ilianza na wanawake waliopatwa na yaliyompata yeye.

Kristen Swanson ni muuguzi na mtafiti wa Marekani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, muda si mrefu baada ya kumzaa mwanawe wa kwanza, alihudhuria kikao cha akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Siku hiyo mada ilikuwa kuharibika kwa mimba, na daktari alialikwa kuieleza. Akaeleza hutokea mara ngapi, husababishwa na nini, hutibiwaje. Alipomaliza, kina mama hawakuwa na haja na hayo. Walitaka kusimulia yaliyowakuta wao. Swanson akaondoka pale na jambo la kutafiti. Kwa shahada yake ya uzamivu, chini ya Jean Watson, mwanazuoni wa uuguzi, katika Chuo Kikuu cha Colorado, aliketi na wanawake waliopoteza mimba akawauliza ilikuwaje, na ni nani aliyewajali, na kwa njia gani. Baadaye akaenda kwa wanaohudumia watoto wachanga mahututi, kisha kwa akina mama vijana wenye maisha mazito waliowahi kuhudumiwa na wauguzi wa afya ya jamii. Mwaka wa 1991 akaichapisha nadharia yake. Kwa hiyo ukiona mwenzako anasema haya ni maneno ya darasani, mwambie yalitoka vinywani mwa wanawake waliolala kama yule wako.

Watson mwenyewe alikuwa ameshaandika mwaka wa 1979 kwamba kujali ndicho kiini cha uuguzi. Maandishi yake yamejaa falsafa, na nimeona wanafunzi wengi wakipotelea humo. Kwa zamu ya usiku, Swanson anashikika. Anataja mambo matano: kumjua mgonjwa, kuwa naye, kumfanyia, kumwezesha, na kudumisha imani juu yake. Katika mchoro wake wa mwaka 1993 imani ndiyo inayotangulia, na mwisho wa yote ni mgonjwa kuwa na hali njema. Mimi nitaanza na kumjua, kwa sababu hapo ndipo wewe ulipokwama, na hapo ndipo nami nilipowahi kukosea vibaya.

Nilikuwa muuguzi mchanga katika hospitali moja ya pwani. Akaletwa mama aliyetokwa na mimba, akawa analia taratibu, leso ameiziba mdomoni. Nikampapasa bega nikamwambia, "Usilie dadangu, utapata mwengine." Nilikuwa na nia njema kabisa. Akaacha kulia, nikaona nimefaulu. Asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu ndipo mwenzangu aliyemjua kwao akaniambia: miaka tisa ya ndoa, hii ilikuwa mimba yake ya kwanza, na mumewe alikuwa ameshaanza kutafutiwa mke wa pili. Hakuacha kulia kwa kuwa amefarijika. Aliacha kwa kuwa niliyekuwa mbele yake hakuwa mtu wa kuliliwa. Faili yake ilikuwa mkononi mwangu usiku kucha, na sehemu ya historia ya uzazi ilikuwa imejazwa. Sikuisoma.

Swanson anasema kumjua mtu huanza kwa kutokudhani. Wewe unajua nini kuhusu mama wako wa Pate? Unajua presha yake, damu yake, umri wa mimba. Hujui maumivu yalimshika saa ngapi. Hujui alingoja maji yajae kwa muda gani ndipo boti iweze kutoka, wala kama damu ilianza kumtoka akiwa nyumbani au katikati ya bahari, amekaa kwenye ubao kati ya wanaume asiowajua, hana pa kujisitiri. Hujui kama alikuwa ameshamhisi mtoto akicheza. Mimba ya miezi minne wengine huwa wameanza kumhisi, hasa aliyewahi kuzaa. Hujui kama kule nyumbani kuna wa kumlaumu kwa kubeba maji au kutoka magharibi. Kila moja katika haya lingebadilisha ulichomfanyia.

Utaniambia hakunena. Ni kweli, lakini nina hakika ulimuuliza kama tunavyouliza sote: "Hujambo? Waendeleaje?" Lugha yetu haina jibu jingine kwa swali hilo ila "sijambo" na "alhamdulillahi". Mtu anayevuja damu atakujibu sijambo, maana ulichompa ni salamu, na salamu ina jibu lake la adabu. Hili silikuti katika vitabu vya Marekani, kwa kuwa tatizo hili ni letu. Msalimie kwanza, kwa heshima zote, halafu uliza swali ambalo salamu haiwezi kulijibu: "Maumivu yalikushika ukiwa wapi?" "Usiku umeupitishaje?" "Ni jambo gani linalokutia hofu zaidi sasa hivi?" Kisha nyamaza. Hesabu moja hadi kumi ndani ya moyo ukibidi. Nilipokuwa nikifundisha, niliwaambia wanafunzi wangu washike mshipa wa mkono wakati huo, kwa sababu kupima mapigo ya moyo huhitaji kimya cha sekunde 60, na mgonjwa aliyeshikwa mkono katika kimya mara nyingi ndipo husema.

Na mavyaa? Usimfukuze. Yule ni mzee, amekuja na mkwewe usiku kwa boti, naye huenda amefiwa na mjukuu. Mpe kazi ya heshima: "Mama, naomba unitafutie leso safi na chai ya moto, nikimaliza kumpima nitakuita." Hizo ndizo dakika zako. Akirudi, mweleze naye, mbele ya mgonjwa, yale tu ambayo mgonjwa amekubali yaelezwe. Wako wakwe wanaojibu kwa kutawala, na wako wanaojibu kwa kulinda. Hutajua huyu ni yupi mpaka umwone mama mwenyewe anavyobadilika uso mkwe akitoka nje.

Sasa nije kwenye muda, kwa kuwa ndio uliokuchoma. Kuwa naye hakupimwi kwa saa. Mwaka wa 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Kansas walichapisha jaribio dogo na la wazi. Waliwachukua wagonjwa 120 waliofanyiwa upasuaji wa uti wa mgongo. Daktari alipokwenda kuwaona, kwa wengine aliketi, kwa wengine alisimama. Alipoketi, kwa wastani alikaa dakika 1 na sekunde 4. Aliposimama, dakika 1 na sekunde 28, yaani muda zaidi. Wagonjwa walipoulizwa alikaa muda gani, walioketiwa walikadiria zaidi ya dakika 5. Waliosimamiwa, chini ya dakika 4. Sisi watu wa pwani hatukupaswa kungoja utafiti. Mgeni akifika barazani, neno la kwanza ni karibu kiti. Kuzungumza na mtu mambo mazito ukiwa umesimama, ufunguo mkononi, ni kumwambia unapita. Lakini wodini viti vimejaa mifuko na thamosi za watu, na sisi tumezoea kusimama upande wa miguuni tukisoma faili. Ondoa mfuko, uweke chini, keti. Macho yako yawe usawa wa macho yake. Kwa yule aliyeelekea ukutani, zunguka uende upande wa ukuta kama kuna nafasi ya kupita, usimgeuze yeye.

Hospitali za Chuo Kikuu cha North Carolina, zilipoamua kuijenga huduma yao juu ya nadharia hii, ziliweka hilo liwe sehemu ya kazi: kila zamu muuguzi aketi na mgonjwa wake kwa dakika chache za mazungumzo. Huwezi kuketi na kila mtu kwa usiku mmoja ukiwa mmoja wa wawili. Basi chagua. Mzunguko wako wa kwanza utakuonyesha ni nani wawili au watatu ambao usiku huu ni mzito kwao. Waliojifungua salama na wamezungukwa na shangazi na bakuli za uji hawakuhitaji kwa namna hiyo.

Kumfanyia ndiko unakokujua, kwa hiyo sitakukalisha sana hapo, ila niseme jambo ambalo wanaoipenda nadharia hii husahau. Swanson aliuita uuguzi kujali kwenye ujuzi ndani yake. Upole usio na ujuzi haumjali mtu. Mama wa mimba ya miezi minne, umeangalia kundi lake la damu? Kama ni hasi (Rh hasi), sindano ya anti-D, ile inayouzuia mwili wake usijenge kinga dhidi ya damu ya mtoto, inatakiwa ndani ya saa 72, na ukitoa muda wa kungoja maji na boti, saa hizo zimeshaanza kukimbia kabla hajafika kwako. Kumshika mkono na kusahau sindano hiyo ni kuihatarisha mimba yake ijayo. Vilevile kumfanyia ni kutabiri. Kuanzia karibu wiki ya 16, maziwa yanaweza kuingia hata mimba ikitoka. Siku ya tatu hivi, yuko nyumbani, matiti yanajaa na kuuma, na hakuna mtoto. Nimewasikia wanawake wakisema hilo liliwavunja kuliko kutoka kwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyewaambia. Inakuchukua nusu dakika: "Maziwa yanaweza kuja. Si ugonjwa. Usiyakamue sana, vaa sidiria inayokushika vizuri, weka kitambaa cha maji baridi, tumia dawa ya maumivu, yatakauka." Na heshima yake: asilale katikati ya vitanda viwili vyenye vichanga kama kona ipo, mtandio wake usiondolewe bila kumwomba, shuka lenye damu lisingoje macho ya wageni wa saa kumi.

Kuna jambo moja ningependa ulifikirie peke yake. Kile kilichotoka kilipelekwa wapi? Nauliza kwa sababu wodi nyingi hukiita mabaki, kinawekwa kwenye ndoo yenye mfuko, kikaenda na taka za hospitali kabla mtu hajauliza. Kwa familia ya Kiislamu, mtoto wa miezi minne ana hadhi nyingine, na wengi hutaka kumkafini na kumzika. Huenda mama wako alikuwa ameelekea ukutani akijiuliza swali hilo moja tu na akaona haya kulisema. Siwezi kukuambia ndivyo ilivyokuwa. Naweza kukuambia kwamba nimemwona mwanamke akigeuka kutoka ukutani kwa kuulizwa hivi: "Mngependa kumchukua mkamzike?" Alipewa mtoto amefungwa katika kipande cha bafta nyeupe kilicholetwa na wifi yake kutoka dukani, akamshika kwa mikono miwili, akauliza ni wa kike au wa kiume, na kuanzia hapo akazungumza mpaka alfajiri. Fuata utaratibu wa hospitali yako, pata idhini ya mkubwa wa zamu, andika. Masuala ya kusaliwa na kupewa jina waachie masheikh wao. Kazi yako ni swali liulizwe mapema, ndoo isitangulie.

Hapo tumeshaingia katika kumwezesha, yaani kumpa habari na nafasi ya kuamua ili apite katika jambo hili kwa miguu yake. Mama huyu anarudi Pate. Akishapanda boti, wewe hupo. Anatakiwa ajue kwa maneno yake mwenyewe, ayarudie ukimsikia: akijaza pedi mbili kwa saa moja, akipata homa, au uchafu ukitoka na harufu mbaya, arudi bila kungoja kukuche. Ajue anaweza kushika mimba tena hata kabla ya hedhi ya kwanza, ili yeye na mumewe waamue wakitaka kungoja. Atataka pia kujua damu hii itakwenda siku ngapi, kwa sababu ya sala. Wewe mweleze upande wa mwili, kwamba huweza kuendelea kwa wiki moja au mbili ikipungua, na hukumu ya nifasi, yaani damu ya uzazi katika sheria ya dini, amuulize ustadha wake. Ukimwambia "hayo si ya hospitali", umemfungia mlango wa mambo mengine pia.

Na mume yuko wapi katika haya yote? Kwa kawaida yuko nje langoni, ameshika risiti. Mwaka wa 2009 Swanson na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa jozi 341 za wenzi waliopoteza mimba. Wengine walipata vikao vitatu na muuguzi aliyefuata nadharia hii, wengine video na vitabu vya kujisomea, wengine mchanganyiko wa vyote viwili, wengine hawakupewa kitu. Ni vile vikao vya muuguzi vilivyosaidia kwa upana zaidi katika huzuni na sonona ya wanawake na waume zao. Vikao vitatu tu. Wewe una kikao kimoja wodini, na kingine akirudi kliniki. Kama mhudumu wa afya wa kijiji chake anajulikana kwako, cha tatu kipo.

Kudumisha imani kumetafsiriwa vibaya katika madarasa yetu, kwa sababu tukisikia imani tunafikiri dini. Swanson anasema habari ya muuguzi kumwona mgonjwa kuwa mtu anayeweza kuipita hali hii na bado maisha yake yakawa na maana. Matumaini hayo lazima yawe ya kweli. Inshallah ni neno tukufu, na kwa muumini lina uzito wake, lakini tusilitumie kufunga mazungumzo. Mama akikuuliza, "Nitazaa tena?" ukamwambia inshallah ukaondoka, hujamjibu. Mjibu: "Wanawake wengi waliotokwa na mimba mara moja huzaa salama baadaye. Mara nyingi sababu haijulikani, na kubeba maji hakukuitoa mimba yako." Kisha sema inshallah, nawe ukimaanisha.

Kuhusu wewe mwenyewe. Katika kuwa naye, Swanson aliweka sharti la kutomtwisha mgonjwa mzigo wako. Machozi yakikutoka si kosa, mradi mgonjwa asije akaanza kukubembeleza wewe. Ila mzigo lazima uende mahali. Wewe na mwenzako wa zamu mkinywa chai ya alfajiri, zungumzeni kuhusu yule mama, kwa faragha, bila jina. Wauguzi waliokauka niliowajua hawakuanza wakiwa wakavu. Walibeba peke yao kwa miaka.

Umeuliza kama nadharia hii inataka wauguzi wa kutosha. Nitakujibu bila kuzungukazunguka: usiku wenye wauguzi wawili kwa wodi nzima ni kosa la waliopanga, na hakuna nadharia itakayolifuta. Mkubwa yeyote akikuambia ujali zaidi badala ya kukuongezea mtu, mwonyeshe kumbukumbu zako, idadi ya wagonjwa, saa dawa zilipochelewa. Hilo nalo ni kumlinda mgonjwa, na kulinda kumo ndani ya kumfanyia. Lakini mengi niliyokueleza yanakaa ndani ya kazi unayoifanya tayari: mapigo ya moyo unayapima, dripu unaibadilisha, ruhusa unaiandika.

Kwa kazi yako ya chuo, usiwaandikie kurasa za maana ya kujali. Chukua ripoti ya zamu uliyoandika kuhusu mama huyu. Nakisia ilisomeka hivi: "Hali tulivu, dripu inaendelea, hana malalamiko." Halafu andika pembeni ambayo ingekuwa: "Mimba ya kwanza baada ya miaka mitatu. Anahofia kulaumiwa nyumbani. Ameomba kumzika mtoto, familia imekabidhiwa saa nne usiku. Ameelezwa juu ya maziwa na dalili za hatari, amezirudia mwenyewe. Kundi la damu limeangaliwa. Mume aonane na daktari asubuhi." Mfano nimeutunga, lakini umbo ndilo hilo. Muuguzi wa asubuhi akisoma hiyo anaanza pale ulipoishia, wala mama hatalazimika kusimulia upya kwa mgeni.

Naye hajakupotea. Kadi yake inaonyesha siku ya kurudi kliniki. Siku hiyo, hata kama hauko zamu ya kliniki, pita. Mtafute kwenye benchi, keti kando yake, mwambie unamkumbuka na kwamba usiku ule ulitamani kumuuliza jambo hukuuliza. Muulize ilikuwaje tangu alipofika nyumbani. Kisha mpime presha.